Yai halina bondo: mgandamizo wa maji, mitambo ya Rusumo na watoto wa samaki

Ukitoka Ngara mjini kuelekea mpakani Rusumo, barabara inashuka hadi kwenye daraja, na hapo ndipo Mto Kagera unapojibana kwenye mwamba na kuporomoka. Juu kidogo ya hapo, Ruvubu inayotoka Burundi imeshakutana na maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda. Siku hizi kuna kitu kingine pale: kizuizi cha maji na jumba lenye mitambo mitatu ya umeme, megawati 80 kwa jumla, zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa mradi huo mwaka 2013. Upande wetu umeme unasafiri kwenye njia ya kilovolti 220, karibu kilomita 94, unaikatiza Ngara na kuingia Biharamulo hadi kituo cha Nyakanazi. Kwa wilaya mbili ambazo kwa miaka mingi zilitegemea majenereta ya dizeli, hili si jambo dogo, na makala hii haikuja kulibeza.

Ila maji yanayozungusha mitambo ile hayapiti peke yake. Yamebeba mayai ya samaki, viinitete (yaani samaki ambaye bado anajengeka ndani ya yai) na lava, ambao ni samaki walioanguliwa juzi tu, wembamba kama uzi, mwili wazi kama kioo. Wakipita kwenye mtambo, mgandamizo wa maji unaowazunguka unapanda, kisha unaanguka ghafla, na anguko lenyewe huchukua chini ya sekunde moja. Sasa jiulize: kati ya yai na lava, nani ataumia zaidi?

Wengi watakujibu yai. Ni dogo, ni laini, halina mifupa, halina hata sura. Jibu hilo lina mantiki, lakini si sahihi, na ukielewa kwa nini si sahihi utakuwa umeelewa karibu kila kitu kuhusu suala hili.

Tuanze na mgandamizo wenyewe. Mtaani tunasema presha, ingawa ukisema presha watu wanafikiria hospitali. Watu wa hali ya hewa wanasema mgandamizo, nami nitabaki na neno hilo. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, na uzito huo unatukandamiza muda wote. Ukiwa Tanga ufukweni, ni takriban kilopaskali 101, kiasi tunachokiita angahewa moja. Rusumo ipo karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa iliyobaki juu ni pungufu, kwa hiyo mgandamizo ni kama kilopaskali 86 tu. Kama umewahi kupanda basi Dar es Salaam na pakiti ya krispi, ukafika Ngara ukakuta pakiti imevimba kama mto wa kulalia, umeshaona tofauti hiyo kwa macho yako. Hewa ya ndani ya pakiti ni ileile iliyofungwa kiwandani. Kilichopungua ni hewa ya nje inayoibana.

Majini hesabu inakwenda haraka zaidi. Kila ukishuka mita 10, unaongeza karibu angahewa moja nzima. Mita 10 chini ya uso wa maji Rusumo, samaki anabeba takriban kilopaskali 184, zaidi ya mara mbili ya aliyepo juu.

Je, kiinitete kinaumizwa na kubanwa? Wa kwanza kulijibu hili vizuri walitumia wanyama wa baharini, na kisa chao kinastahili dakika zako chache. Mmarekani Douglas Marsland, kuanzia miaka ya 1930, alichukua mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu, anayechoma miguu ya watu pwani maji yakitoka. Mayai yake yanapendwa na maabara kwa sababu ni mengi, yanaonyesha ndani, na ukiyachanganya na mbegu za dume kwenye glasi unaona yakigawanyika mbele yako: seli moja, mbili, nne, nane. Marsland aliyaweka kwenye chumba kidogo cha chuma na kuyabana. Yalipofika karibu angahewa 400, mgawanyiko ulisimama. Mkunjo uliokuwa umeanza kulikata yai katikati ulilegea na kufutika, yai likarudi kuwa duara. Akifungua mgandamizo, baada ya muda kazi inaanza tena.

Sababu ni ya kuvutia. Ndani ya seli inayogawanyika kuna nyuzi za protini zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili. Nyuzi hizo zinajengwa kwa vipande vidogo vinavyoshikamana kama matofali, na vikishikamana, kwa pamoja vinachukua nafasi kubwa kidogo kuliko vikiwa vimetawanyika kwenye maji ya seli. Mgandamizo hupinga chochote kinachotaka nafasi zaidi. Ukizidi sana, matofali yanaachiana, nyuzi zinayeyuka, kromosomu zinakosa wa kuzivuta.

Wafugaji wa samaki waligeuza udhaifu huo kuwa teknolojia. Ukichukua mayai ya samaki dakika chache baada ya kurutubishwa, ukayabana kwa mamia ya angahewa kwa dakika kadhaa, yai linashindwa kutoa nje seti moja ya kromosomu za mama ambayo kwa kawaida lingeitupa. Unapata samaki mwenye seti tatu badala ya mbili, na huyo kwa kawaida hazai. Hivyo ndivyo wanavyotengenezwa samoni na trauti wasiozaa, na mbinu imeshajaribiwa hata kwa sato, ambaye akiachwa huru bwawani anazaa mpaka bwawa linajaa vidagaa visivyouzika.

Lakini tazama ukubwa wa namba hizo. Angahewa 400 ni uzito wa maji ya kina cha kilomita 4. Ziwa Tanganyika, lenye kina kuliko maziwa yote ya Afrika, halifiki hata kilomita moja na nusu. Rusumo tunazungumzia angahewa chache tu. Kwa upande wa kubanwa, basi, kiinitete kinachopita pale hakina cha kuogopa. Tatizo lipo upande wa pili, wa kuachiwa.

Mtambo wa aina ya Kaplan, kama ile ya Rusumo, ni kama pangaboi kubwa la meli lililosimamishwa wima ndani ya bomba. Maji yanaposukuma upande mmoja wa panga, mgandamizo upande huo uko juu. Upande wa nyuma wa panga, maji yananyonywa na mgandamizo unaanguka, na unaweza kuwa chini kuliko wa hewa ya kawaida ya nje. Sekunde chache baadaye maji yanatoka kwenye bomba la chini na mambo yanarudi kawaida. Kinachomdhuru kiumbe ni ile chembe ya muda nyuma ya panga.

Hapa ndipo maporomoko na mtambo vinapoachana, ingawa kwa macho maporomoko ndiyo yanayotisha. Maji yanayoanguka kwenye hewa wazi yanabaki na mgandamizo wa hewa ileile njia nzima, halafu yakitua kwenye dimbwi unaongezeka. Hayashuki chini ya ule wa hewa ya mahali pale. Vitoto vya samaki vimeshuka Rusumo kwa maelfu ya miaka. Vilipigwa na kuzungushwa, lakini havikukutana na kitu kama nyuma ya panga. Mtambo uko kimya zaidi kuliko maporomoko, ila kwa suala la mgandamizo ndio mkali.

Sasa turudi kwa yai. Yai ni maji, mafuta na protini. Vitu hivi havibanwi kirahisi, na ukiviachia havitanuki kwa kiasi cha kuonekana. Ukipunguza mgandamizo kwa nusu, yai linabaki vilevile. Gesi ndiyo haina adabu hiyo: punguza mgandamizo kwa nusu, inakuwa mara mbili, punguza hadi asilimia 40, inakuwa mara mbili na nusu. Kwa hiyo swali la kumuuliza kiumbe yeyote anayepita kwenye mtambo ni moja: una gesi ndani? Ulaini wa mwili wake unakuja baadaye sana.

Na samaki wengi wana gesi, mahali ambapo watu wa Kanda ya Ziwa wanapajua vizuri kuliko wanabiolojia wengi. Ni bondo. Ndiyo, hilohilo bondo la sangara linalonunuliwa kwa bei inayoshinda minofu na kusafirishwa hadi China. Samaki mwenyewe halihitaji kwa biashara. Ni kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea kwenye kina anachotaka bila kuogelea muda wote. Muulize mvuvi wa Chato, ambako samaki wengi wanaoliwa Biharamulo wanatokea, sangara aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu anakuwaje. Tumbo limevimba, utumbo wakati mwingine unachungulia mdomoni. Bondo limetanuka ndani na kusukuma kila kitu. Na huyo amevutwa kwa dakika nzima au zaidi. Mtambo unafanya jambo la jamii hiyo hiyo kwa kufumba na kufumbua.

Mwaka 2016 kundi la watafiti wakiongozwa na Craig Boys wa Australia lilichapisha jaribio kwenye jarida la Biology Open ambalo naona ndilo safi kuliko yote kwa swali letu. Walichukua mayai na lava wa aina tatu za samaki wa mito yao, wakawaweka kwenye chumba cha mgandamizo, wakaushusha ghafla kwa viwango vingi tofauti. Kabla ya hapo watu walidhani tu kwamba mayai na lava lazima waumie kuliko samaki wakubwa, kwa kuwa ni dhaifu. Matokeo: mayai hayakuathirika kwa kiwango chochote kilichojaribiwa. Hata kimoja. Lava ndio walioumia. Mgandamizo ulipokwenda chini ya takriban kilopaskali 40, yaani asilimia 40 hivi ya ule wa juu ya maji, mabondo yao yalinywea kwa aina zote tatu, na aina moja ilivuja damu ndani.

Watafiti hao walieleza pia kwamba majeraha hayo hayakuua samaki ndani ya saa 24, lakini kwamba vifo vya baadaye haviwezi kukataliwa. Mimi hapo ndipo ninapokunja uso. Lava mwenye bondo lililonywea hajafa, sawa, lakini hawezi kukaa kwenye kina chake bila kupiga mkia muda wote, na nguvu anazotumia kupiga mkia ni zilezile za kukua. Kwenye beseni la maabara hakuna wa kumla. Kwenye Kagera wapo, na wana njaa.

Kwa hiyo kuna siku moja maishani mwa samaki inayobadilisha kila kitu. Lava akitoka kwenye yai, bondo bado ni kifuko kitupu. Anaishi kwa kiini cha yai alichobeba tumboni. Siku chache baadaye samaki wa aina nyingi wanapanda hadi juu kabisa, wanatoboa uso wa maji kwa mdomo na kumeza hewa yao ya kwanza. Hewa hiyo inapita kwenye kijia chembamba hadi kwenye bondo. Wafugaji wa samaki wanaijua siku hii kwa uchungu: kukiwa na utando wa mafuta juu ya maji ya tangi, vitoto vinashindwa kuutoboa na wengi wanakua wamepinda migongo. Kabla ya funda hilo la hewa, mtambo unamkuta kiumbe wa maji matupu. Baada ya hapo, unamkuta aliyebeba puto.

Kijia chenyewe nacho kina habari yake. Kwa samaki kama sangara, sato na furu, baada ya utoto kijia hufunga. Gesi inaingia na kutoka kwenye bondo kupitia damu tu, polepole. Kwa jamii ya ningu na kuyu, kijia kinabaki wazi maisha yote, na samaki anaweza kutoa gesi mdomoni, kama mtu anayecheua baada ya soda. Ungetegemea basi kwamba ningu na kuyu wapo salama. Si haraka hivyo. Samoni wa Amerika Kaskazini wana kijia kilicho wazi pia, na ndio samaki ambao majeraha ya mitambo yamepimwa kwao kuliko wengine wote: macho yaliyotoka, mabondo yaliyopasuka, viputo kwenye damu. Mlango upo, lakini nusu sekunde haitoshi kuutumia. Kambare ana bahati yake, maana bondo lake ni dogo na limefungiwa ndani ya mfupa.

Nani hasa anaelea kwenye maji haya? Si kila samaki. Furu na sato wanaatamia mdomoni. Mama anabeba mayai mpaka vitoto viweze kujitegemea, kwa hiyo mayai yao kukutwa katikati ya mkondo ni ajali. Kambare anayabandika mayai kwenye majani ya sehemu zilizofurika. Wa kuwaangalia kwa makini ni wale wanaozaa kwa kufuata mafuriko, kisha watoto wao wanarudi mtoni maji yakipungua. Ningu ndiye mfano. Huyu ni samaki wa bonde la Ziwa Victoria peke yake, hupanda mito wakati wa mvua na kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Tayari katika miaka ya 1960 kuporomoka kwake kulikuwa kunaandikwa huko Mto Nzoia, Kenya, kwa sababu ya nyavu za makila zilizotegwa akipanda kwenda kuzaa. Leo yupo kwenye orodha ya kimataifa kama aliye hatarini kabisa kutoweka. Samaki wa namna hiyo hana akiba ya kuchezea. Kwa wanaopanda, maporomoko ya Rusumo yalikuwa ukuta tangu enzi. Mazungumzo yetu ni kuhusu jamii yoyote yenye tabia hiyo inayozaa juu ya mtambo na watoto wake kushuka.

Na unaona jinsi tabia hiyo inavyoangukia vibaya? Yai, ambalo lingepita bila shida, limebaki kwenye nyasi. Anayeshuka na mto ni lava au kitoto, tena mara nyingi akiwa ameshameza hewa.

Kuna jambo la Rusumo ambalo ukisoma matokeo ya nchi nyingine unaweza kulisahau: mwinuko. Chukua mtambo ulio karibu na usawa wa bahari ambao nyuma ya panga mgandamizo unashuka hadi kilopaskali 40. Hiyo ni asilimia 40 ya 101, ndipo mpaka wa akina Boys ulipo. Sasa uhamishe mtambo uleule, bila kubadilisha chochote, hadi mita 1,300. Hewa inayokandamiza maji imepungua kilopaskali 15, na upungufu huo unafika kila mahali kwenye bomba, hadi nyuma ya panga: 40 inakuwa 25. Samaki wa juu ya maji anaanza na 86, anaangukia 25. Hiyo ni asilimia 29. Gesi yake, ambayo pwani ingetanuka mara mbili na nusu, hapa inatanuka karibu mara tatu na nusu. Hizi ni namba za kuelewea, sijapima panga la Rusumo. Ila fizikia yake ni hiyo.

Dawa ya hilo wahandisi wanaijua, ingawa wao walikuwa na sababu nyingine. Mgandamizo ukishuka sana, maji yanachemka yakiwa baridi: viputo vya mvuke vinazaliwa nyuma ya panga, vinapasuka, na kila kinapopasuka kinang'oa chembe ya chuma. Baada ya miaka panga linaonekana kama limeliwa na mchwa. Kuepuka hilo, mtambo wa nyanda za juu unawekwa chini zaidi kuliko kiwango cha maji yanayotokea, ili uzito wa maji hayo urudishe mgandamizo uliokosekana. Kinachookoa chuma kinamsaidia na samaki. Tatizo ni kwamba chuma kinaridhika mapema: maji huanza kuchemka kwenye kilopaskali 2 au 3 tu, wakati lava ameshaumia kwenye 35. Kwa hiyo mtambo unaweza kuwa mzima kabisa kwa kipimo cha mhandisi na ukawa mbaya kwa kipimo cha samaki.

Nisije nikaeleweka kwamba yai haliuawi na kitu. Mgandamizo siyo mkono pekee wa mtambo. Kuna mikondo miwili inayopishana kwa kasi tofauti, ambayo inaweza kuchana yai kama mtu anayechana karatasi. Kuna panga lenyewe, ingawa kiumbe wa milimita chache mara nyingi anapishana nalo. Na pwani kuna mfano wa mgandamizo unaopanda na kushuka kwa ukali usio na kifani, yaani baruti. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza milipuko, lakini mwaka 2015, uchunguzi uliopita pwani nzima ya Tanzania na vinasa sauti vya majini ulinasa milipuko 318 katika saa 231 za kusikiliza, karibu asilimia 62 ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Hapo pia gesi ndiyo inayotangulia kuua: samaki mwenye bondo anakufa akiwa mbali na mlipuko, wakati yule wa sakafuni asiye na bondo anaweza kunusurika akiwa karibu zaidi. Lakini karibu kabisa na baruti hakuna anayeulizwa ana gesi au hana.

Turudi Rusumo, maana kuna mgongano mmoja wa kweli ambao hauondoki kwa maneno mazuri. Lava wa samaki wengi wa mtoni hushuka zaidi usiku, mara nyingi kuanzia giza linapoingia. Na umeme unatakiwa zaidi lini? Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku hivi, watu wa Ngara na Biharamulo wakiwa wamewasha taa, televisheni, mashine za kunyolea. Kwa kawaida mtambo ukisukumwa kupitisha maji mengi zaidi, mgandamizo nyuma ya panga unashuka zaidi. Kwa hiyo saa ambayo mitambo inakamuliwa kuliko zote inaweza kuwa saa ileile ambayo vitoto vinapita kwa wingi.

Sisemi mitambo izimwe. Hilo halitatokea, na binafsi nisingelipigania. Lakini kuna nafasi ya kucheza. Maji yaleyale yakigawanywa kwenye mitambo mitatu badala ya kusukumwa kwenye miwili iliyojaa, kila panga linafanya kazi kwa upole zaidi. Majuma ya kushuka kwa vitoto ni machache kwa mwaka, yanafuata mvua, na yakijulikana yanaweza kupangiwa ratiba. Tena Rusumo siyo peke yake. Chini yake kwenye mto huohuo kuna Kikagati–Murongo, mpakani na Uganda, na Kakono, megawati 87.8, imepangwa mkoani Kagera. Kitoto kinachotokea juu ya Rusumo kikielekea Ziwa Victoria kitakuwa na milango mitatu ya kupita, na kilichosalimika kwa wa kwanza kikiwa na bondo lililonywea hakifiki kwa wa pili kikiwa sawa na mwenzake.

Kupima inawezekana, na kwa namna mbili. Ya ghali ni kutumia chombo kilichotengenezwa na maabara ya Pacific Northwest National Laboratory ya Marekani: bomba la plastiki la karibu sentimita 9, lisilofika gramu 50, linaloelea kama samaki na kurekodi mgandamizo na mitikisiko takriban mara 2,000 kwa sekunde. Unalirusha juu ya mtambo, unaliokota chini, unasoma lilipopitia. Kabla ya Kakono kukamilika, namba hizo kutoka Rusumo zingekuwa na faida kubwa kuliko ripoti nyingi za mazingira, na kampuni inayoendesha mtambo pamoja na TAFIRI ndio wenye nafasi ya kuzipata.

Ya pili ni rahisi, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye kibali na msimamizi mwelewa anaweza kuifanya msimu mmoja. Wavu wa umbo la faneli wenye matundu madogo kuliko ya chandarua, unatega juu ya kizuizi na mwingine chini ya mitambo, usiku, kuanzia mvua za Machi hadi Mei. Unachota ulichopata, unaweka kwenye kisahani chini ya hadubini ya kawaida, ile ya maabara ya sekondari. Lava anaonyesha ndani. Juu ya utumbo, nyuma kidogo ya kichwa, aliyemeza hewa ana kitone kinachong'aa kama lulu. Unahesabu wangapi wa juu wana lulu hiyo, kisha unaangalia wa chini: wangapi bado wanayo, wangapi pale mahali pana kifuko kilichonywea, na wangapi pana doa jekundu.